Casio F-91W kwa mkimbiaji wa masafa marefu

Tuanze na kasoro yake kubwa, maana ndiyo itakayomkuta mkimbiaji kabla ya sifa zote. Kipima muda cha F-91W, saa ndogo ya mkononi ya namba, kinaishia dakika 59 na sekunde 59. Baada ya hapo kinarudi sifuri na kuendelea kuhesabu kama kawaida, bila namba ya saa kwenye kioo na bila alama yoyote ya kukuambia kwamba saa nzima imeshapita. Kwa anayekimbia kilomita 8 jioni, hilo si neno. Kwa anayejiandaa na marathoni, mtu atakayekaa barabarani muda wa saa 4 au 5, inabidi ajipange.

Na bado, kwa mkimbiaji wa ridhaa anayeanza, hii ni saa nzuri kuliko nyingi zinazoizidi bei mara kumi. Ilitoka mwaka 1989 na umbo lake halijabadilika kiasi cha kutajwa. Ina uzito wa gramu 21, kwa hiyo ukifika kilomita ya 3 umeshasahau kwamba umevaa kitu. Betri yake ni CR2016, na kwa hesabu ya mtengenezaji inadumu miaka 7 hivi. Halisi inauzwa Marekani chini ya dola 25. Garmin Forerunner 55, ambayo ni saa ya GPS ya kuanzia tu, ilitoka mwaka 2021 kwa dola 200, na ukiwasha GPS inafika saa 20 ndipo idai chaji. Hatuzilinganishi ili kuona ipi inashinda, maana hazifanyi kazi moja. Moja inakuambia umefika wapi na kwa mwendo gani. Nyingine inakuambia muda tu, mengine utajua mwenyewe.

Vitufe viko vitatu. Kushoto juu ni taa (L), kushoto chini ni cha kubadili kazi (C), na kulia ni cha kuanzisha na kusimamisha (A). Ukiwa kwenye saa ya kawaida, bonyeza C mara 2 utafika kwenye kipima muda: ya kwanza ni kengele, ya pili ndiyo yenyewe. A inaanzisha, A inasimamisha.

Mtego uko kwenye taa. Kitufe cha taa ndicho hicho hicho kinachoshika muda wa kati, na ndicho kinachofuta. Ukibonyeza L wakati kipima muda kinatembea, namba zinaganda kwenye kioo huku hesabu ikiendelea kwa ndani. Anayekimbia alfajiri, akiwasha taa aone amefika dakika ya ngapi, atadhani saa imekwama. Haijakwama. Bonyeza L tena, namba zitaruka hadi zilipofika. Balaa ni pale unapomaliza mbio gizani, ukasimamisha kwa A, kisha ukawasha taa usome matokeo: L kwenye kipima muda kilichosimama inafuta kila kitu. Dakika 52 za jasho zimekwenda. Dawa ni kusubiri ufike kwenye mwanga, au kumulika kwa simu.

Taa yenyewe, tuseme ukweli, ni dhaifu. Ni kidude kimoja cha kijani upande wa kushoto, kinamulika nusu ya kioo na kuiacha sekunde kwenye kiza. Kosa jingine la gizani ni kubonyeza C badala ya L. Hapo unaingia kwenye marekebisho ya saa, sekunde zinapepesa, na ukigusa A ukidhani unasimamisha kipima muda, umezirudisha sekunde za saa yako kwenye sifuri. Ikitokea hivyo, bonyeza C mara moja utoke. Kipima muda kitakuwa bado kinahesabu.

Sasa hiyo saa 1 inayopotea. Wengi wanasema watakumbuka tu. Kwenye mazoezi ya muda wa saa 2 unakumbuka. Kwenye marathoni, baada ya kilomita 30, sukari ya mwilini imeshuka na akili nayo imeshuka. 22:40 kwenye kioo inaweza kuwa 2:22 au 3:22, na mtu anabishana na mkono wake mwenyewe. Njia safi ni kuacha kabisa kipima muda na kutumia saa ya kawaida. Weka mfumo wa saa 24 (A, ukiwa kwenye saa ya kawaida), ingia kwenye marekebisho, weka saa 0 na dakika 00, kisha rudi kwenye sekunde usubiri. Mlio wa kuanza ukilia, bonyeza A, sekunde zinakuwa 00, toka kwa C. Kuanzia hapo saa nzima inasoma muda wako wa mbio, hadi 23:59:59. Angalia jambo moja: ukibonyeza A wakati sekunde zimepita 30, saa inaongeza dakika 1. Kwa hiyo zirudishe sifuri mara moja kabla, ili mlio ukukute ndani ya nusu ya kwanza ya dakika. Washa na mlio wa kila saa: nenda kwenye kengele, bonyeza A hadi alama yake itokee. Itakulilia kila muda wa saa 1 unapotimia. Kwenye umati wa kuanzia husikii kitu, ila kufikia saa ya pili barabara imeshapwaya.

Kuna shida ndogo hapa ambayo haimo kwenye kitabu cha maelekezo, kwa sababu waandishi wake hawasomi saa kwa Kiswahili. Macho yetu yamezoea kugeuza. Kioo kikionyesha 1:25, kichwa kinasema saa saba na dakika ishirini na tano. Mtu mzima akiwa hajachoka anacheka na kusahihisha. Akiwa amechoka anasimama kidogo. Fanya hivi kwenye mbio ndefu mbili tatu za wikendi kabla ya siku yenyewe, uzoee kusoma muda uliopita badala ya saa ya siku.

Kwa kuwa saa haikuambii mwendo, mahesabu yafanywe nyumbani. Marathoni kwa muda wa saa 4 ni mwendo wa 5:41 kwa kilomita, na ni mwendo huo huo wa nusu marathoni kwa saa 2. Andika kwenye plasta kwa kalamu isiyofutika, ubandike juu ya mkanda: kilomita 5, 28:26, 10, 56:53, 15, 1:25:19, 20, 1:53:45, 25, 2:22:12, 30, 2:50:38, 35, 3:19:05, 40, 3:47:31. Plasta ya kitambaa inastahimili jasho kuliko ya plastiki.

Jedwali hilo ni la barabara tambarare. Kwenye Kilimanjaro Marathon pale Moshi, ukifika mpando wa kwenda Mweka na bado unaing'ang'ania 5:41, utalipa deni wakati wa kushuka, mapaja yakiwa yamekufa. Mpandoni fuata pumzi, namba ziache.

Hapo ndipo umaskini wa F-91W unapogeuka kuwa mwalimu. Fanya hivi mara moja kwa wiki: kimbia kilomita uliyoipima, na kabla ya kutazama mkono, taja kwa sauti muda unaodhani umetumia. Kisha tazama. Wiki za kwanza tofauti ya sekunde 20 au 30 ni ya kawaida, na karibu kila mara mtu anadhani amekwenda polepole kuliko alivyokwenda, hasa kilomita ya kwanza. Endelea hadi tofauti iwe chini ya sekunde 5. Aliyefika hapo ana kitu ambacho hakihitaji satelaiti, na kitamfaa siku ambayo saa ya jirani imeishiwa chaji. Kwa mbio nyepesi kipimo ni rahisi zaidi: kama huwezi kumaliza sentensi nzima bila kuvuta pumzi katikati, unakwenda kasi.

Njia ya mazoezi ipimwe kwa baiskeli. Weka alama ya chaki kwenye tairi na chini, panda (uzito wako unaibonyeza tairi, ndiyo maana usisukume kwa mkono), enda mizunguko 10, pima umbali kwa utepe wa fundi, gawa kwa 10. Tairi ikitoa mita 2.10 kwa mzunguko, kilomita 1 ni mizunguko 476. Funga kipande cha plastiki kwenye spoku kigonge uma kila mzunguko, uhesabu kwa sikio. Jaza upepo vilevile kila unapopima, na usipime asubuhi ukamalizia mchana, kwa kuwa joto linaivimbisha tairi. Njia za mashindano nazo zinapimwa kwa baiskeli, kwenye mstari mfupi kuliko yote anaoweza kupita mkimbiaji, kisha inaongezwa mita 1 kwa kila 1,000 ili njia isije ikawa fupi. Ndiyo maana wenye saa za GPS wanamaliza wakilalamika kwamba wamekimbia kilomita 42.6 badala ya 42.195 za marathoni. Njia haina kosa: walizunguka kona kwa nje na kuyumba wakitafuta maji, na GPS ikaongeza makosa yake yenyewe.

Kwa mbio za vipande, saa hii haina kumbukumbu ya mizunguko. Ukisimamisha, ukafuta na kuanzisha kila kipande, mapumziko hayapimwi. Acha itembee moja kwa moja, na ondoka kwenye dakika kamili. Mita 400 mara 12, ukiondoka kila baada ya dakika 4, ni dakika 48. Inaenea ndani ya saa. Ukikimbia kwa 1:45 unapumzika 2:15. Ukichoka ukatumia dakika 2, mapumziko nayo yanapungua. Mpango huu hauna huruma kwa aliyeanza kwa pupa. Kufikia kipande cha 8 atakuwa anajua. Ukitaka muda wa kipande, bonyeza L kwenye mstari, soma, bonyeza L tena.

Fatleki, yaani kukaza na kulegeza mwendo kwa zamu bila kusimama, ni rahisi zaidi. Iten, mji wa wakimbiaji huko Kenya, Alhamisi ndiyo siku yake inayojulikana: dakika 1 kali, dakika 1 nyepesi, barabara ya udongo. Anza kwenye 00, halafu dakika shufwa unakaza, dakika witiri unalegeza. Mara 20 ni dakika 40, na huna haja ya kubonyeza chochote.

Usahihi si wa kutilia shaka: sekunde 30 kwa mwezi juu au chini, sawa na sekunde 1 kwa siku. Kwenye marathoni ya saa 4 haifiki robo ya sekunde. Kalenda ndiyo haijui mwaka mrefu, Februari kwake ni siku 28 daima. Muhimu kwa anayeandika daftari la mazoezi, na mwenye saa hii anatakiwa aandike, kwa kuwa yenyewe haitunzi lolote. Tarehe, dakika, njia, hali ya mwili, mstari mmoja unatosha.

Maji: maandishi ya WATER RESIST yanamaanisha mvua, jasho na kunawa. Kuogelea hakumo, na kubonyeza vitufe chini ya maji ndiyo njia ya haraka ya kuiua. Mkanda ni wa resini. Chumvi ya jasho ikikauka chini yake inawasha ngozi, kwa hiyo suuza kwa maji matupu kila baada ya mbio. Mkanda unapasuka kwanza kwenye tundu unalolitumia kila siku, na pini zake zinashika kutu. Betri ikibadilishwa na fundi wa kando ya barabara, simama umwone akirudisha ringi ya mpira kwenye mfereji wake kabla ya kukaza skrubu 4 za nyuma. Ringi ikibanwa upande, mvua ya kwanza ya masika itaingia.

Feki zimejaa. Shikilia A kwa sekunde 3 kwenye saa ya kawaida. Halisi inaandika CASIo. Jaribio hilo lisikutoshe peke yake: tazama skrubu 4, maandishi makali yasiyovuja wino, na namba 593 kwenye mgongo. Na ukiuziwa kwa bei ya sahani ya chipsi mayai, jibu umeshapewa.

Asiyetaka usumbufu wa kuweka saa sifuri anunue Casio AE-1200WH: kipima muda chake kinafika saa 24, inahimili maji hadi kiwango cha mita 100, na uzito ni gramu 39. Anayejiandaa na kilomita 10 au nusu marathoni yake ya kwanza hana sababu ya kuipita F-91W.