BMX niliyoinunua mara mbili

Miaka saba nimeendesha baiskeli ya mlima hapa Dodoma. Njia zangu ni za vilima vya Ntyuka na huko nyuma ya Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), na Jumapili nikiamka na nguvu naenda Hombolo na kurudi. Kilichonitoa huko ni shokapu ya mbele. Ilianza kuvuja mafuta mwezi wa nane, vumbi na upepo wa kiangazi vikiwa vimeshakula sili, zile raba za kuzuia mafuta. Majengo sikuzipata, Kariakoo sikuzipata, na kuziagiza nje ni bei ya mbuzi wawili. Nikasema basi, nataka baiskeli isiyo na cha kuharibika. BMX, ile baiskeli fupi ya kuruka na kuchezea, haina gia, haina shokapu, na nyingi zina breki moja tu ya nyuma, nyingine hata hiyo hazina.

Nikanunua, na nikakosea, kwa sababu nilichagua kwa macho ya mtu wa mlima.

Kwenye baiskeli ya mlima swali la kwanza ni rimu: inchi 26, 27.5 au 29. Kwenye BMX swali hilo halikusaidii, maana karibu zote ni 20, ya mtu mzima na ya mtoto wa shule. Muuzaji aliniambia kwa simu, "Kaka, hii saizi ya watu wazima, inchi 20 kamili," nami nikafurahi. Nikalipa laki mbili na nusu, ikaja kwa basi kesho yake. Kona ya kwanza tu goti likagonga usukani. Nikachukua futi ya fundi uashi, nikapima: bomba la juu lilikuwa inchi 19 na nusu. Mimi nina sentimita 175.

Hicho ndicho kipimo cha BMX, urefu wa bomba la juu, kutoka katikati ya shingo ya usukani hadi katikati ya bomba la kiti. Kwa mtu wa kimo changu ni 20.75 hadi 21. Mfupi kidogo achukue 20.5. Robo inchi kwenye karatasi ni kitu kidogo, lakini magoti yanaijua. Urefu wa kiti usikusumbue hata kidogo. Kiti cha BMX kinashushwa chini kabisa kisikuzuie, si cha kukalia.

Hiyo ya kwanza ilikuwa na kasoro nyingine. Mikono ya pedali ilikuwa chuma kimoja kilichokunjwa kutoka upande huu hadi ule, na ekseli ya nyuma nyembamba. Wiki ya tatu nikaruka kutoka kwenye jamvi la nyumba inayojengwa jirani, kimo cha goti tu, ekseli ikapinda. Fundi aliitazama, akanitazama na mimi, akaniuliza, "Mzee, hii si ya mtoto?"

Mara ya pili nikawa msumbufu. Nilitafuta ya mtumba ya daraja la kati, kwa sababu mpya ya daraja hilo ingepita milioni kwa urahisi na mke wangu anasoma meseji za benki. Muuzaji mmoja wa Sabasaba akanitolea sumaku mfukoni. Akaipachika kwenye fremu, ikanasa, akasema, "Unaona? Kromoli hiyo." Sumaku inanasa kromoli na inanasa chuma cha kawaida vilevile, kwa hiyo hapo alithibitisha tu kwamba si alumini. Kinachotafutwa ni stika au muhuri wa 4130, ambayo ni namba ya chuma kilichochanganywa na kromiamu na molibdenamu kidogo, kinachoweza kutengenezwa bomba lenye ukuta mwembamba bila kupoteza nguvu. Na ukiona stika, usiishie hapo. Kuna baiskeli zenye kromoli kwenye bomba moja tu la fremu, huku uma unaoshika gurudumu la mbele na usukani ni chuma cha kawaida. Uliza fremu nzima, uma, usukani na mikono ya pedali, kimoja kimoja.

Niliyoichukua mwishoni ni ya laki saba. Kromoli kote, bomba la juu 20.75, mikono ya pedali ya vipande vitatu, beringi zilizofungwa badala ya gololi za kumwagika, rimu ya nyuma ya kuta mbili, na ekseli ya milimita 14. Hiyo ekseli ndiyo niliyoilipia zaidi moyoni.

Sproketi yake, ile sahani ya meno inayovuta cheni, nilidhani ni ya mzaha. Meno 25 mbele, 9 nyuma. Zile za zamani zilikuwa 44 kwa 16, na ukigawanya unapata karibu kilekile: 2.78 kwa 2.75. Mguu hauoni tofauti, ila sproketi ndogo haigongi ukingo wa zege unapopanda juu yake. Kwa kasi, usitarajie makubwa. Kutoka Kisasa hadi Nyerere Square nilichoka kuliko kupanda Ntyuka na baiskeli ya mlima, mapaja yakiwaka, bodaboda wakinipigia honi kama nimeiba baiskeli ya mwanangu. BMX si ya kwendea kazini. Anayekwambia inafaa kwa yote anataka kuuza.

Ambacho sikukitegemea ni kugundua kwamba miaka saba sikujua kuruka. Kwenye mlima nilikuwa nafungia viatu kwenye pedali, nikitaka kuruka navuta miguu juu, baiskeli inakuja yenyewe. Pedali za BMX ni bapa. Nilivuta miguu, miguu ikaja peke yake, baiskeli ikabaki chini, ugoko ukakutana na pini za pedali. Kovu ninalo. Ilinichukua mwezi kujifunza kwamba unaanza kwa kuvuta nyonga nyuma, mbele inanyanyuka, ndipo unasukuma usukani kwenda mbele na nyuma inafuata. Siku niliyorudi kwenye baiskeli ya mlima, mawe yale ya Ntyuka niliyokuwa nayakwepa niliyaruka.

Sasa mbigili. Mtu wa Dodoma hahitaji kuelezwa. Kwenye baiskeli ya mlima nilikuwa sina tyubu, nilikuwa naweka ile dawa ya maji inayoziba yenyewe. BMX ni tyubu, na upepo wake ni mwingi, mimi naweka PSI 60 kwenda juu. Wiki ya kwanza pancha nne. Dawa niliyopewa na fundi ni ya kizamani: pasua tyubu kuukuu kwa urefu, itandike ndani ya tairi chini ya tyubu mpya. Inaongeza uzito kidogo, lakini tangu hapo nimepata pancha moja tu, na hiyo ilikuwa msumari.

Na hapa ndipo BMX iliponilipa kile nilichokifuata. Kijiti cha kujazia upepo ni sawa na cha gari, kwa hiyo fundi yeyote wa bodaboda ananijazia. Nati za ekseli ya nyuma ni spana 17, wanayo. Upana wa cheni ni uleule wa baiskeli ya Phoenix, naipata duka lolote la vipuri. Kinachonitia wasiwasi ni kale kasproketi ka meno 9, maana kakiisha sijui mjini hapa nani anacho.

Kasoro za hii ya pili: pedali za plastiki zililika pini ndani ya miezi miwili. Spoku za nyuma zililegea wiki ya pili, nikapeleka ikanyooshwa, haijarudia. Na muuzaji hakukaza boliti za shingo zinazobana usukani. Nilipotua, usukani ukazunguka mbele mikononi mwangu, nikala vumbi mbele ya mafundi uashi waliokuwa wanasubiri chakula. Kaza mwenyewe kabla ya kupanda, zote nne, kwa kupokezana.

Breki ya nyuma peke yake bado inanitisha kwenye mteremko. Nilizoea diski, kidole kimoja unasimama. Hii unaibana, inalia, unaendelea kwenda huku ukitafakari. Mteremko wa Mlimwa nimeushuka mara moja, na nusu yake nilishuka na soli ya kiatu.

Ile ya kwanza nilimpa mpwa wangu wa darasa la sita, ekseli ikiwa imebadilishwa. Magoti yake hayagusi usukani.