Laithausi ya Mombasa: vikalio vizuri, malango ya picha

Mwambie dereva wa tuktuk akupeleke Mama Ngina Waterfront, ile bustani ya kupunga upepo kando ya bahari. Atakufikisha, lakini atajua u mgeni. Sisi twaita Laithausi, na jina hilo halikubanduka hata serikali kuu ilipoikarabati na kuizindua Oktoba 2019, sherehe za Mashujaa zikafanyika papo hapo.

Alama za juu kabisa nawapa vikalio vinavyotazama bahari. Zamani ulikalia ukuta au boneti ya gari. Sasa bibi wa miaka themanini akaa na wajukuu, kanga imefunika miguu, na hakuna anayemsukuma. Mlango wa bandari ya Kilindini ni mwembamba hapo, kwa hivyo meli ya makontena hupita karibu mno, wasoma jina lake bila darubini. Watoto hupunga mikono. Baharia akirudisha salamu, ni kelele tupu! Mibuyu ya kale nayo ingali imesimama, na jioni kivuli chake hugombaniwa.

Chakula ni kile kile, alhamdulillahi. Muhogo hukatwa vipande vyembamba ukatumbukizwa kwenye karai mbele yako, ukatolewa ungali walia, ukanyunyiziwa pilipili ya unga na chumvi, kisha ndimu ikakamuliwa juu. Kula pale pale. Ukifika nao nyumbani umeshalegea. Viazi karai ni vya kawaida, ila ukwaju wake usiuache. Dafu, uliza bei kabla halijakatwa.

Malango makubwa ya Kiswahili ndiyo hayakunigusa. Yapigwa picha sana, na nadhani ndiyo kazi yaliyojengewa. Nenda Mji wa Kale utazame mlango wa nakshi: nyuma yake kuna nyumba, ukipiga hodi utajibiwa karibu. Lango la Laithausi wamgongea nani?

Ni maradhi yale yale ya rangi. Mwaka 2018 kaunti iliagiza majengo ya katikati ya jiji na Mji wa Kale yapakwe nyeupe, kingo ziwe buluu. Nia naielewa, mtu aone picha aseme hiyo ni Mombasa. Lakini nyeupe na chumvi ya bahari hawapatani. Masika ikipita, ukuta wadai rangi upya, na anayetoa mfukoni ni mwenye nyumba. Isitoshe, picha ya kututambulisha tunayo tangu miaka ya 1950: zile sanamu za pembe za ndovu za Moi Avenue, zilizosimamishwa kwa ziara za familia ya kifalme ya Uingereza. Hazikutengenezwa kwa ajili yetu, tukazizoea tukazifanya zetu.

Laithausi yenyewe ingefaulu hata bila lango. Kilichoipa sifa ni meli, upepo na karai, na mafundi walikuwa na akili ya kutoviondoa, wakaongeza tu mahali pa kukaa. Wanaopanga kuupa mji sura mpya waje wakae hapa jioni moja kabla ya kununua rangi.

Nyota 4 kati ya 5. Nenda siku ya kazi baada ya alasiri. Jumapili jioni utazunguka na gari mpaka uchoke. Na kama una watoto, mwambie mama wa mihogo mapema, pilipili aiweke kando.