Shiratamako: unga wa Kijapani unaostahili bei yake

Katika duka moja la vyakula vya nje hapa Mjini Unguja kunauzwa pakiti za shiratamako, unga wa mchele unaonata ambao Wajapani huutumia kwa vitamutamu vyao, na baada ya kuupikia dango (viduara vya kuchemsha) na daifuku (vibumba laini vyenye kiini kitamu) nyumbani ninaupendekeza kwa moyo wote, ingawa bei yake ni mara kadhaa ya unga wa mchele tuliouzoea.

Unga huu hutokana na mochigome, mchele unaonata wa Kijapani, ambao karibu hauna kabisa amilosi, ile sehemu ya wanga inayoufanya wali wetu uchambuke, na ndiyo maana ukiiva huvutika na kushikamana. Mchele huo huroweshwa, husagwa pamoja na maji, kisha hukamuliwa na kukaushwa, kwa hiyo mnunuzi atakuta punje nyeupe zilizovunjika badala ya unga laini, wala asidhani kwamba umeharibika. Unga wa vitumbua, hata ukisagwa vipi, hautoi mnato huu.

Dango ndiyo nyepesi zaidi. Gramu 100 za unga hukandwa kwa maji yapatayo mililita 90, yakitiwa kidogo kidogo, mpaka donge liwe laini kama ndewe ya sikio, kipimo cha Wajapani wenyewe. Viduara vikichemshwa na kuelea huachwa dakika moja au mbili, ndipo hutiwa kwenye maji baridi. Daifuku huhitaji sukari, mvuke na sinia lililonyunyizwa wanga, nami nilitumia wanga wa muhogo uliokaangwa mkavu, ukafaa sana.

Mkebe wa azuki (maharage madogo mekundu ya kiini cha daifuku) zilizopondwa, uliopo kwenye rafu hiyohiyo, sioni sababu ya kuununua. Kunde nyekundu za Darajani ni jamaa wa karibu wa azuki. Zikichemshwa, maji ya kwanza yakamwagwa ili kuondoa ukakasi, kama wafanyavyo Wajapani kwa azuki zao, kisha zikapondwa kwa sukari na chembe ya chumvi, hutoa kiini chenye ladha nzito na utamu usiokinaisha. Mchuzi wa dango wa chupa nao usomwe vizuri kabla ya kununuliwa, kwani baadhi hutiwa mirin, ambayo ina kileo.

Kasoro ya pakiti ni kwamba maelezo yote ni ya Kijapani, hata onyo la kutoviweka vitamutamu hivi kwenye friji, ambako wanga hukakamaa upesi, halipo kwa lugha tuijuayo. Viliwe siku hiyohiyo, na kwa wazee na watoto vikatwe vidogo, maana hata Japani kwenyewe wapo wanaokabwa na mochi (vibumba vya mchele huo unaonata) kila mwaka mpya.