IELTS ya karatasi au ya kompyuta? Nimefanya zote mbili, huu hapa uzoefu wangu

Nimefanya IELTS, ule mtihani wa kupima Kiingereza, mara mbili, ya kwanza kwenye karatasi, ya pili kwenye kompyuta, na kila siku kuna mtu ananiuliza achague ipi, sasa naandika yote hapa.

Kwanza tuondoe hofu moja. Wengi wanadhani ya kompyuta ni mtihani mwingine au eti ni mgumu zaidi. Hapana. Maswali ni ya aina ileile, 40 ya kusikiliza, 40 ya kusoma kwa dakika 60, insha mbili kwa dakika 60, na alama ni zilezile za kuishia 9. Hata kuzungumza hakubadiliki, unakaa na mtahini ana kwa ana dakika 11 mpaka 14. Nilikutana na dada mmoja amechagua karatasi kwa sababu aliambiwa kwenye kompyuta utaongea na mashine, niliumia sana kwa sababu anataipu vizuri kuliko mimi.

Mimi karatasi nilichagua kwa mazoea tu, maisha yote ya shule nimeandika kwa mkono, sikufikiria zaidi ya hapo. Kwenye kusikiliza unaandika majibu kwenye kijitabu cha maswali halafu mwishoni unapewa dakika 10 za kuyahamishia kwenye karatasi ya majibu. Watu wanazipenda sana hizo dakika 10 na kweli ni nzuri, ila mimi nusura ziniponze, maana swali la 17 sikulisikia nikaliacha wazi, wakati wa kuhamisha nikaweka jibu la 18 kwenye mstari wa 17, la 19 kwenye 18, nikaenda hivyohivyo, mpaka nikaona kwenye mstari wa 25 nimeandika neno wakati nakumbuka kabisa swali lile lilitaka herufi. Nikafuta majibu tisa kwa raba, mkono unatetemeka, karatasi inakunjamana. Niliwahi, lakini niliingia kwenye kusoma moyo bado unadunda, na pale hakuna mapumziko, sehemu moja ikiisha inaanza nyingine.

Lakini kilichoniangusha siyo hicho, ni kuandika. Mimi sentensi nzuri ya kufungulia insha huwa inanijia nikiwa karibu namaliza. Kwenye karatasi utafanyaje? Nilichora mshale kutoka chini ya ukurasa mpaka juu, nikakata mistari mitatu, nikaandika pembeni kwa herufi ndogo, halafu ikabidi nianze kuhesabu maneno kwa kidole, mstari mmoja maneno 11, mara mistari mingapi, nifike 250. Na hiyo ni insha ya pili, ambayo ina uzito mara mbili ya ile ya kwanza! Majibu yalipotoka sehemu nyingine zote nilikuwa na 7, kuandika 5.5, na mimi nilikuwa nahitaji 6.5 kila sehemu.

Mara ya pili nikaenda kompyuta. Kabla ya hapo wiki tano nzima nilitaipu insha moja kila siku, hilo naomba mlizingatie, sikuingia tu. Siku ya mtihani ile sentensi ikanijia mwishoni kama kawaida yake, nikaikata nikaibandika juu, sekunde mbili kazi imeisha. Idadi ya maneno inaonekana yenyewe kwenye skrini, muda nao unauona unavyopungua. Kitu kimoja tu, hakuna kisahihisha tahajia, ukikosea neno halipigiwi mstari mwekundu kama ulivyozoea, mimi niliandika government bila n ya katikati mara mbili na niliziona kwa bahati tu wakati napitia, kwa hiyo jiachie dakika tatu nne za kusoma ulichoandika.

Kusoma kwenye skrini, kusema kweli, sikukupenda. Habari ipo kushoto, maswali kulia, unaweza kupaka maneno rangi na kuandika vidokezo, sawa, ila yale maswali ya kuoanisha vichwa vya habari na aya yalinichosha macho kwa kupanda na kushuka. Kwenye karatasi naiona habari yote kwa mara moja, penseli mkononi. Kusikiliza nako unavaa hedifoni, sauti safi sana, lakini zile dakika 10 hazipo, unajaza jibu hukohuko huku unasikiliza, mwishoni unapewa dakika 2 tu za kukagua. Na jiandae na kelele za kibodi! Chumba kizima kinaanza kutaipu insha wakati wewe ndo kwanza unasoma swali, unajiona umeachwa, kumbe hujaachwa.

Majibu ya kompyuta yanatoka ndani ya siku chache, ya karatasi nilisubiri siku 13, na kama una tarehe ya mwisho ya maombi ya chuo tofauti hiyo ni kubwa mno. Pia kwa waliofanya kompyuta kuna nafasi ya kurudia sehemu moja tu iliyokuangusha, ndani ya siku 60, kwenye vituo vinavyotoa huduma hiyo. Ningekuwa nimeanza na kompyuta labda ningerudia kuandika peke yake, nisingebeba mtihani mzima tena.

Kuandika nilipata 7.

Sasa msikimbilie wote kompyuta kwa sababu mimi ilinifaa. Chukua maswali mawili ya insha ya pili, moja liandike kwa mkono dakika 40, lingine siku inayofuata litaipu dakika 40, halafu mpe mtu asome zote mbili, umuulize pia kama mwandiko wako unasomeka. Mdogo wangu anajiandaa sasa hivi, yeye anatafuta herufi moja moja kwa vidole viwili, tumempima wiki hii: kwa mkono maneno 270 na amemaliza vizuri kabisa, kwenye kibodi maneno 190 na hitimisho hajaligusa. Mtihani wake ni mwezi ujao, muda wa kujifunza kutaipu hana. Amejiandikisha karatasi, na mimi mwenyewe ndo nilimwambia, ila jioni tunafanya mazoezi ya kuhamisha majibu, kila akiruka swali anaweka alama pembeni ya mstari kabla hajaendelea.