Solenoidi ya busti: ya kununua kwanza ni gani, na gani uachie duka (Forester XT, WRX, Golf GTI)

Wadau wa turbo huku Nakuru na Kisumu, kabla utoe pesa ya solenoidi soma hii, juu nimeona watu wengi wananunua kitu ambacho hakikuwa kimeharibika na gari inabaki vile vile.

Elewa kazi yake kwanza: solenoidi ni vali ndogo ya umeme inayoongoza busti, yaani presha ya hewa ambayo turbo inaingiza kwa injini. Turbo ikisukuma hewa, hewa kidogo inapitia kampira kembamba mpaka kwa aktueta, aktueta inasukuma fimbo, westigeti (mlango mdogo wa moshi kwa turbo) inafunguka, moshi unapita kando badala ya kuzungusha turbo na busti inaacha kupanda. Springi ya aktueta peke yake kwa WRX nyingi inashikilia kama psi 7 ama 8, na gari ikiwa sawa inafika 13 ama 14 hivi. Hiyo tofauti yote inaletwa na solenoidi: kompyuta inaifungua na kuifunga mara nyingi kwa sekunde moja, hewa inavuja kurudi upande wa kuingilia turbo, presha inayofika kwa aktueta inapungua na westigeti inakaa imefungwa. Ndio maana ikikufa gari inakuwa nzito tu, na ukipanda kuelekea Mau Summit ukiwa umebeba watu utajua. Ukiona busti inazidi mpaka injini inakatakata, angalia kama mpira wa aktueta umetoboka ama umechomoka.

Sasa namba moja kwangu hata si solenoidi, ni mipira mipya ya hiyo hewa. Forester yangu ilianza uzito siku ile ile fundi alibadilisha mipira, nikanunua solenoidi, nikafunga, hakuna kitu. Nilirudi garage nikaomba ule mpira wa zamani, bahati ulikuwa bado kwa ndoo ya takataka, nikauminya na vidole nikasikia kitu kigumu ndani, nikapasua na wembe na kikaanguka kidude kidogo chenye tundu la kama milimita moja. Hicho ndicho kinapunguza hewa inayotoka kwa turbo, bila hicho solenoidi haiwezi kumwaga ya kutosha. Nilikirudisha ndani ya mpira mpya na gari ikaamka siku hiyo hiyo. Tafadhali usikubali fundi atupe mpira wa zamani kabla uuminye mwenyewe.

Mipira ikiwa sawa na shida bado iko, namba mbili ni solenoidi mpya orijino, ya Subaru yenyewe kwa namba ya spea, na kwa Golf GTI ni ile inaitwa N75, Pierburg ni sawa kabisa. Ni ghali lakini unafunga unasahau.

Namba tatu ni ya mtumba kutoka Japani, na kwa mfuko wa wengi wetu hii ndio ya kweli, mimi nanunua bila wasiwasi ila napima pale pale kwa kaunta. Beba mita ya umeme: kwa hizi za Subaru na Golf koili nzima inasoma kati ya om 20 na 40 hivi, isiposoma kitu imekatika, ikisoma karibu sifuri imeshort. Alafu iguse na volti 12, lazima ilie tik. Ya Subaru ukipuliza bila umeme hewa haipiti, ukiweka umeme inapita, ikipitisha wakati wote imechakaa ama imejaa mafuta. Kama unaagiza Kirinyaga Road itumwe na matatu, kwanza waambie watume picha ya namba na ya plagi.

Namba nne ni zile za njia tatu (matundu matatu ya hewa) za watu wa mbio. Ni nzuri sana, busti inakuja mapema na haiyumbi, lakini zinamwaga hewa tofauti na ya kiwanda kwa hivyo bila kompyuta kutyuniwa (kupangwa) upya itazidisha busti na unaweza kuua injini. Kama hujapanga pesa ya tyuni, acha kabisa.

Mwisho kabisa ni kopi zisizo na jina kwa paketi nyeupe. Iliwahi kunifika mkononi moja, om zilisoma vizuri na ilikuwa inalia, lakini nikipuliza bila umeme hewa inapita. Niliirudisha kabla nitoke mlangoni.