FlightGear kwa anayesomea kuruka kwa vyombo: uzoefu wangu Kigoma

Nasomea kuruka kwa kutegemea vyombo, yaani kupita mawinguni bila kuona nje. Nikiwa nyumbani Mwanga, mjini Kigoma, chuo kiko mbali na saa moja ya simuleta yao, yaani mashine ya kuigiza urukaji, inaumiza mfuko. Ndiyo maana natumia FlightGear, programu huria ya kompyuta ya kuigiza urukaji wa ndege, iliyoanza miaka ya 1990 na inayotengenezwa na watu wa kujitolea. Ni ya bure, chini ya leseni ya GPL, inayomruhusu yeyote kuitumia, kuibadilisha na hata kuiuza.

Nisiwazungushe: kwa mazoezi ya macho na akili ni nzuri sana. Kwa saa za leseni haikupi hata dakika moja.

Nianze na uzuri wake. Ndani yake kuna Cessna 172P, ndege ndogo ya injini moja, na menyu ya kuharibu vyombo makusudi. Jaribu kuua pampu ya vakiumu, ile inayovuta hewa ya kuendesha baadhi ya vyombo, ukiwa mawinguni. Horizoni bandia, chombo kinachoonyesha kama ndege imelala au imenyooka, haizimiki papo hapo. Jairo, gurudumu linalozunguka ndani yake, inapunguza kasi, picha inaanza kulala upande mmoja polepole, na mkono wako unataka kuifuata. Ukiifuata, ndege halisi ndiyo inayolala. Kipima mgeuko kinatumia umeme, kwa hiyo bado kinasema kweli. Kazi yako ni kugundua nani muongo kabla altimita, yaani kipimo cha kimo, haijaanza kukimbia. Zoezi hilo peke yake limenifanya niache kukodolea macho chombo kimoja.

Jingine ninalolipenda ni kuruka usiku kutoka hapa Kigoma kuelekea ziwani. Taa za mji zikishabaki nyuma, mbele hakuna kitu. Maji na mbingu ni giza lile lile, na hakuna mstari wa upeo wa kuegemea. Uwanja wetu wenyewe umechorwa kimasikini, majengo ni machache, lakini kwa zoezi hili nani anatazama majengo? Nikitaka ILS, yaani mawimbi ya redio yanayomwongoza rubani hadi kwenye njia ya kutua, nahamia Nairobi, njia ya kurukia ya 06, naweka hali ya hewa ya kiwango cha chini cha CAT I, daraja la kawaida la utuaji huo, na kushuka hadi futi 200 juu ya ardhi. Sioni taa, napaa tena.

Kero zipo. Mandhari hupakuliwa kadiri unavyoruka, na bando linaisha kabla hujafika Tabora. Pakua maeneo yako mapema, ikiwezekana kwa waifai ya mtu mwingine. Taarifa za mitambo ya kuongozea ndege nazo si za kuaminika kila mara: anga halisi husahihishwa kwa mzunguko wa siku 28, ila faili za bure hazikimbii hivyo. Masafa ya VOR, yaani vituo vya redio vya kuongozea ndege, yatoe kwenye chati rasmi.

Sasa suala la idhini, ambalo kila mwanafunzi huniuliza. Kiambatisho cha 1 cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, kinadai saa 40 za kuruka kwa vyombo, na kinaruhusu hadi 20 kati yake zifanyike ardhini, au 30 ukitumia simuleta kamili. Kwa nini FlightGear isihesabiwe humo? Wengi husema ni kwa sababu msimbo wake uko wazi na yeyote anaweza kuuchezea. Mimi sikubaliani nao. X-Plane, programu nyingine ya aina hii, ni ya kununua, na nakala ya nyumbani nayo haihesabiwi. Mamlaka za usafiri wa anga haziidhinishi programu peke yake; zinaidhinisha kifaa kizima, yaani programu, usukani, pedali na paneli, kwa toleo linalojulikana. FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, kupitia waraka wake AC 61-136, humpa mtengenezaji barua ya idhini ya miezi 60, na kuendesha ndege kwa kipanya na kibodi hakukubaliki. Kifaa cha ngazi ya msingi hukupa hadi saa 10 za mafunzo ya vyombo, cha juu yake 20.

Kwa hiyo kinachokosekana ni mtu wa kutia saini. Anatakiwa mtu au kampuni ya kusema: toleo hili nimeligandisha, vifaa ni hivi, ukikuta kosa njoo kwangu. GPL haimzuii mtu kufanya biashara hiyo. Na mkaguzi angekuwa na nafasi asiyoipata kwenye programu iliyofungwa: kusoma mwenyewe jinsi JSBSim, sehemu ya msimbo wa FlightGear, inavyokokotoa mwendo wa ndege. Kwetu leseni ziko chini ya TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Tanzania, na ningefurahi kuona chuo cha hapa nchini kikipeleka ombi la namna hiyo, badala ya kila mwaka kulipia mashine ya nje.

Kama utaijaribu, nunua kwanza joistiki, hata ya mtumba. Kwa kibodi utajifunza tabia mbaya tu. Na mazoezi yake yaandike kwenye daftari la kawaida la dukani. Kwenye logibuku, daftari rasmi la saa za rubani, usiyaandike kabisa, maana ile ni hati ya kisheria na mkaguzi atakuuliza kila saa uliipata kwenye kifaa gani.