Kipimo cha presha cha nyumbani: uzoefu wangu na mimba ya kwanza nikiwa na miaka 42

Nimekaa na hiki kipimo karibu mwaka sasa, kwa hiyo nakijua kwa mema na mabaya yake. Ni kile cha kuvaa juu ya kiwiko, kinachojijaza upepo chenyewe, cha betri nne. Sikukinunua kwa kupenda vifaa. Siku ya kwanza kliniki mkunga aliniuliza huku anajaza kadi, "Huyu wa ngapi, mama?" Nikamwambia wa kwanza. Akatazama mwaka wangu wa kuzaliwa, akanitazama mimi, akarudi kwenye mwaka. Kisha akaandika kitu pembeni kwa kalamu nyekundu.

Lakini alinieleza vizuri. Kufika miaka 40 ni jambo moja, mimba ya kwanza ni jambo la pili, na yote mawili huongeza uwezekano wa kifafa cha mimba, yaani presha ya ujauzito inayoweza kufikia degedege. Ndiyo maana daktari aliniandikia aspirini ya dozi ndogo tangu wiki ya 12 (aliniandikia yeye, usijianzishie), na ndiyo maana nikaambiwa nisisubiri tarehe za kliniki, niwe najipima na nyumbani.

Wiki za mwanzo kilinitia kiwewe. 148/94. Kesho yake 151/96. Nikakimbilia kliniki, wakanipima: 124/78. Nimerudi nyumbani, 146 tena. Nilishakifungasha nikirudishe dukani, mkunga akasema hebu njoo nacho. Alipouona mkanda tu akacheka. Mimi nina mkono mnene, na mkanda uliokuja nacho ni wa sentimita 22 hadi 32. Alinizungushia futi ya fundi cherehani: 35. Mkanda ukiwa mdogo kuliko mkono, presha husomeka juu kuliko ilivyo. Hilo limeandikwa chini ya boksi kwa herufi za kusomwa na sisimizi, na mkanda mkubwa unauzwa peke yake. Kwa hili nawanyima nyota moja nzima, maana nilipoteza usingizi wa siku tisa.

Makosa mengine yalikuwa yangu. Nilikuwa najipima nimekunja nne, mkono unaning'inia, mkojo umenibana, na huku namjibu mume wangu aliye chumba cha pili. Vyote hivyo vinapandisha namba. Sasa nakwenda haja kwanza, nakaa dakika tano nimeegemea kiti, nyayo sakafuni, mkono juu ya meza usawa wa moyo, mkanda kwenye ngozi na si juu ya nguo, mdomo nimefunga. Napima mara mbili, dakika moja katikati.

Kuna kumbukumbu ya vipimo 60, nzuri sana, ila ni ya mtu mmoja. Siku moja daktari alikuwa anaperuzi akakutana na 158/98 akashtuka. Haikuwa yangu. Mume wangu alikuwa amejaribu "kuona tu kinavyofanya kazi." Leo anameza vidonge kila asubuhi, na bado anadai kipimo kilikosea.

Wiki ya 36 namba zikaanza kupanda taratibu: 132, 136, 138. Jumanne jioni 144/92. Nikarudia, ileile. Asubuhi 146/94. Kichwa hakiumi, macho hayaoni vimulimuli, chini ya mbavu hakuna maumivu, uso haujavimba. Nilijisikia mzima kabisa, na bila hiki kifaa ningesubiri kliniki ya wiki inayofuata. Nikapiga simu, wakaniambia nikifika 140/90 sina haja ya kuuliza, niende tu. Mkojo ulikutwa na protini. Nikalazwa, na wiki ya 37 ilipotimia wakanianzishia uchungu: kwanza baluni ya kufungua njia, baadaye dripu. Watu wote walikuwa wameshanihakikishia kwamba kwa umri huu lazima nipasuliwe. Nilisukuma mwenyewe, baada ya saa 19, na sitazisimulia zote. Binti, kilo 2.7.

Ambacho sikukijua, na naona wengi hawakijui, ni kwamba presha haiishi kondo la nyuma likitoka. Mara nyingi hupanda zaidi kati ya siku ya tatu na ya sita. Siku ya tano nilikuwa nimesharudi nyumbani, kipimo kiko kabatini ndani ya boksi lake. Kichwa kikaanza kuniuma nyuma ya macho. Nikamwomba mama mkwe anipe kile kipimo. "Mtoto keshatoka mwanangu, unapima nini tena? Ni usingizi huo." Na kweli, nani asiyeumwa kichwa siku ya tano? Nikapima: 164/106. Nikarudia: 166/108. Mama mkwe ndiye aliyetoka mbio kutafuta usafiri, kitenge begani. Hospitali walinitundikia magnesiamu ya kuzuia degedege, joto likanipanda kutoka mkononi hadi masikioni kana kwamba nimemwagiwa maji ya moto kwa ndani. Nililala huko siku tatu, mtoto pembeni.

Kwa anayetaka kununua: vile vya kufunga kwenye kifundo cha mkono viache. Uliza kama aina unayochukua imethibitishwa kwa wajawazito, kwa sababu si vyote, na vingine husoma chini kwa mwenye kifafa cha mimba, jambo ambalo ni baya kuliko kusoma juu. Kipeleke kliniki walinganishe na cha kwao. Pima mzunguko wa mkono kabla hujalipa. Na kama kichwa kinauma sana au macho yanaona vimulimuli, nenda hata kama kimekuonyesha 120.

Nyota nne. Lawama ya mwisho ni ule mlio wake kinapomaliza kupima: hauzimiki, nimebonyeza kila kitufe. Nilikuwa najipima usiku mtoto akiwa amelala, nimekifunika kwa mto kama mwizi wa redio, na bado alikuwa anaamka.